Kadi ya Feni Tatu

Walipompa jina la Kimya hawakuwa na nia mbaya. Alikuwa mtu wa kuingia ofisini kama paka, akaketi, akawasha kompyuta, na watu wakaja kugundua baadaye kwamba kumbe alikuwepo tangu asubuhi. Mwenzake wa dawati la pili walimwita Kengele, maana kicheko chake kilimtangulia. Kilianzia kwenye ngazi, kikafika mlangoni, ndipo mwenyewe akatokea nyuma yake akihema, mkoba begani. Walisoma chuo kimoja na darasa moja, wakawa chanda na pete, na Kimya ndiye aliyemleta Kengele katika ofisi ile. Hilo Kengele hakulificha. Kila mgeni alimtangazia, "Huyu unayemwona hapa ndiye aliyenishika mkono. Usimwone kanyamaza."

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la dawa. Kazi yao ilikuwa kuchukua ramani za majengo na kuzigeuza filamu, ili mtu aweze kutembea ndani ya nyumba yake kabla hata msingi haujachimbwa: afungue mlango, apande ngazi, achungulie dirishani aone mti ambao bado haujapandwa. Mwenye ofisi alikuwa mama wa makamo aliyechora majengo tangu enzi za rula na penseli, na kila mtu alimwita Mama Ramani. Kompyuta hakuzipenda sana. Yeye alitafuta wateja, akabishana nao, akarudi na kazi, na kazi akawaachia wasichana wake wawili.

Sasa ilikuwa imekuja kazi ya hospitali ya watoto. Kimya alikuwa amechora wodi na korido, Kengele amechora bustani. Lakini filamu yenyewe, ile ya kumtembeza mtazamaji kutoka getini mpaka kitandani, ilikuwa ya mtu mmoja, na huyo mmoja alikuwa bado hajatajwa.

Kimya aliitaka kazi hiyo kuliko alivyowahi kutaka kitu kingine. Alipokuwa mtoto alilazwa muda mrefu kwa ugonjwa wa mguu, na alichokumbuka cha hospitali ni dari. Mtoto anayesukumwa kwenye kitanda cha magurudumu haoni kuta wala milango. Anaona dari, taa, ufa, taa, ufa. Kwa hiyo kwenye korido yake alikuwa amechora ndege darini, wa kila rangi, wakiruka kuelekea wodini. Na filamu alikwisha kuiona kichwani: kamera ingelala chali, ingepita chini ya ndege wale polepole, kama mtoto. Mtu pekee aliyemwambia wazo hilo alikuwa Kengele. Kengele hakucheka, jambo la ajabu kwake, akasema, "Wewe msichana, kichwa chako kina vyumba vingi."

Shida ilikuwa kompyuta. Zote mbili zilikuwa zimechoka. Kila filamu ilipotaka kutembea, picha ilichechemea kama mtu aliyekatikiwa na kisigino cha kiatu. Mama Ramani akaamua kununua kadi ya michoro, kile kipande kinachokaa ndani ya kompyuta na kuichorea skrini kila kinachoonekana. Fundi wa duka la kompyuta, kijana mrefu waliyemwita Waya, akapanda ngazi na kadi mbili za majaribio. Moja ingebaki, nyingine ingerudi dukani.

Alizitoa kwenye maboksi kama mtu anayetoa vyombo vya udongo.

"Hii ndogo ina feni mbili," alisema. "Kumbukumbu yake gigabaiti nane. Haina makuu, umeme inakula kiasi. Hii kubwa ina feni tatu, gigabaiti kumi na sita, na wachoraji waliomo ndani ni karibu mara mbili ya wale wa ndogo. Ila inakula umeme kama pasi, na joto lake si la mchezo."

"Wachoraji gani tena?" Mama Ramani aliuliza.

"Namna ya kusema tu, mama. Ndani kuna vijisehemu maelfu, vyote vinachora kwa pamoja. Kimoja jani, kingine tofali."

"Na hizo gigabaiti? Niambie kama unamwambia mtu mzima asiyejua."

Waya akakuna kichwa. Kimya, ambaye mama yake alikuwa fundi cherehani, akasema kwa sauti ndogo, "Ni ukubwa wa meza ya kukatia. Mwenye meza kubwa anatandaza gauni zima. Mwenye meza ndogo anatandaza mkono, anaukunja, ndipo atandaze mkono wa pili."

"Hapo sasa nimeelewa," Mama Ramani alisema. "Waya, umesikia? Jifunze kuongea."

Waya alianza na kompyuta ya Kimya. Alifungua kasha, akaipima kadi kubwa ndani yake, akaigeuza, akaipima tena. Ilizidi kwa upana wa kidole. Kasha la Kimya lilikuwa jembamba, na kidole kile kimoja hakikuwa na pa kwenda. Akahamia kwenye kasha la Kengele, lile pana lenye ubavu wa kioo, na kadi ikaingia kama iliyozaliwa humo; ile ndogo akaifunga kwa Kimya.

Kimya aliangalia. Kasha lile pana zamani lilikuwa lake. Kengele alipoanza kazi, Kimya alimwachia kwa sababu lilimbana miguu chini ya dawati, na kwa sababu mgeni ni vizuri apewe kitu kizuri. Sasa alilitazama likiwaka taa za kijani na zambarau.

Kubadilishana viti kusingewezekana. Sheria ya ofisi ilikuwa mtu na mashine yake, tangu siku wafanyakazi wa zamani walipobadilishana na nyumba nzima ya mteja ikafutika, mapaa na yote. Mama Ramani akafuata sheria yake mpaka mwisho.

"Basi tusisumbuane," alisema. "Sitaki kuchagua mtu, nikaambiwa napendelea. Nitachagua kadi. Kadi itakayobaki, mwenye mashine yake ndiye atakayefanya filamu ya hospitali. Na mpimaji awe Kimya, maana hana makeke."

"Akipima Kimya, imepimika," Kengele alisema, akacheka, akampiga mwenzake begani.

Siku zilizofuata zilimtesa Kimya. Kadi yake ndogo ilikuwa nzuri, tena nzuri kweli; korido yake iliyokuwa ikichechemea sasa ilitembea. Zamani angefurahi. Lakini furaha ilikuwa inamfika nusu tu, kwa sababu kabla haijafika alitupa jicho kwenye dawati la pili, na huko majani ya bustani yalikuwa yakipepea, kila jani na kivuli chake, maji ya chemchemi yakirusha matone. Aliyekuja kununua dawa akapanda ngazi na kuingia kwao kwa makosa, alisimama nyuma ya Kengele. Mteja wa nyumba ya ghorofa alisimama nyuma ya Kengele. Mama Ramani, ambaye kompyuta hakuzipenda, alivuta kiti akakaa nyuma ya Kengele akasema, "Mpaka natamani kuvua viatu nikanyage hayo majani."

Kimya alijikaza kisabuni. Alitabasamu kila ilipobidi. Ndani alianza kuwa na kijiba cha roho ambacho yeye mwenyewe kilimshtua. Alichukia kicheko alichokipenda tangu chuoni. Alichukia jinsi Kengele anavyokunywa maji, kwa mafunda makubwa, kama mtu asiye na wasiwasi duniani. Kengele alipomwita, "Njoo uone hili ua, nimelitengeneza kwa ajili yako," alijibu kwamba ana kazi. Hakuwa na kazi. Alikuwa anazungusha kipanya bila kubofya chochote.

Mara moja alijikuta anatafuta habari za kadi ile kubwa mtandaoni, ukurasa baada ya ukurasa, akisoma malalamiko ya watu waliokuwa nayo. Kuna aliyesema inapiga kelele. Kuna aliyesema ilipinda kwa uzito wake yenyewe. Kimya akasoma maneno hayo mara mbili, kama mtu anayesoma barua ya mapenzi.

Nyumbani, mama yake alikuwa anakunja pindo la sketi. Alimtazama juu ya miwani.

"Umenuniwa au umenuna?"

"Hakuna kitu, mama. Kengele amepata kadi kubwa."

"Kadi ya nini, ya harusi?"

"Ya kompyuta."

"Aa." Mama akakata uzi kwa meno. "Na kile kifuniko nilichomshonea, bado anacho?"

"Anacho. Hakivui."

Vifuniko hivyo vilikuwa kazi ya mama. Vumbi la barabarani lilikuwa halina adabu, na Kimya alikuwa amemwomba ashone nguo za kufunikia mashine jioni wakati wa kufunga ofisi. Chake kilikuwa cha kijivu, na kila asubuhi alikivua, akakikunja, akakiweka kwenye droo. Cha Kengele kilikuwa cha maua, chenye bitana nzito ndani na lesi pindoni. Kengele alikipenda kupita kiasi. Asubuhi hakukivua, alikisukuma nyuma tu, taa za mbele zikaonekana, na lesi ikaning'inia mgongoni mwa kasha mpaka karibu na sakafu. Ndiyo maana mashine yake waliiita Bibi Harusi.

Siku ya kupima ilipofika, Mama Ramani alimchukua Kengele kwenda kuona kiwanja. Kimya alibaki peke yake ofisini. Jua lilikuwa limeingia dirishani, na chini kwenye duka la dawa mtu alikuwa anabishana juu ya dawa ya kikohozi.

Alianza na mashine yake. Alichagua njia moja, kutoka mlango wa mapokezi mpaka mwisho wa korido, akaipitisha kamera mara kadhaa, kasi ileile, ukubwa uleule wa picha. Programu ilimhesabia picha ngapi kadi inachora kwa kila sekunde, kwa maana picha zikiwa nyingi mwendo unakuwa laini, zikiwa chache mwendo unakwama. Kadi ya feni mbili ilichora hamsini na nane. Ilianza na hamsini na nane, ikamaliza na hamsini na nane, joto lake la wastani, feni zake zikivuma kama mtu anayeimba puani.

Akahamia kwenye kiti cha Kengele. Akafungua korido ileile.

Tisini na saba.

Kimya aliitazama tarakimu hiyo na roho ikamuuma. Ndege wa darini walipita bila kutikisika hata kidogo. Hakuwahi kuwaona wazuri vile. Ndege wake mwenyewe, na walikuwa wazuri zaidi kwenye mashine ya mtu mwingine. Akairudia njia. Tisini na tatu. Akairudia. Themanini. Akainua kichwa. Feni tatu zilikuwa zimepandisha sauti, zinahema. Sitini na mbili. Hamsini na tano. Hatimaye ikatulia kwenye arobaini na tisa, na joto lilikuwa nyuzi themanini na tisa.

Alijua maana yake kabla hajafikiri. Kadi ikizidiwa na joto hupunguza kasi yenyewe isije ikaungua. Chuoni swali hilo lilikuja kwenye mtihani, na yeye alilipata, Kengele alilikosa. Alipeleka mkono nyuma ya kasha. Hewa ya moto iliyotakiwa kutoka nje ilikuwa imenaswa chini ya bitana, haina pa kupitia. Lesi ilikuwa na joto kama nguo iliyotoka kupigwa pasi. Kifuniko cha mama yake kilikuwa kinaiziba kadi pumzi.

Kazi ilikuwa ya kuvuta kitambaa tu. Asingehitaji hata kusimama. Vidole vyake vilikwisha kushika pindo.

Akaliachia. Akaurudisha mkono chini ya paja, akaukalia.

Alijiambia kwamba ameagizwa kupima mashine zilivyo, hajaagizwa kuzipanga upya. Alijiambia kwamba Kengele ndivyo anavyofanya kazi kila siku, kifuniko kikiwa hapohapo, kwa hiyo ndivyo ilivyo kweli. Kisha akarudi kwenye dawati lake ili apime na bustani, kama alivyokuwa amekusudia. Kadi yake ndogo iliingia getini, ikakutana na majani yote yale ya Kengele, na meza ikajaa. Picha ikaganda. Ikatoka moja. Ikaganda. Kimya akaifunga bustani haraka kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mtu ndani. Akajiambia na hilo pia: filamu ni ya hospitali, si ya majani.

Desturi ya ofisi ilikuwa matokeo ya majaribio yoyote yaandikwe kwenye ubao mweupe, kila mtu aone. Akachukua kalamu ya ubao akaandika: Korido. Feni mbili, 58. Feni tatu, 49. Hakuna tarakimu ya uongo hata moja. Alilitazama hilo kwa muda mrefu, akitafuta faraja yake.

Waliporudi, Mama Ramani alisimama mbele ya ubao na viatu vyenye vumbi.

"Kumbe ukubwa wote ule ni mapambo," alisema. "Na umeme inakula zaidi, si ndiyo?"

"Zaidi," Kimya alisema.

"Basi mimi sina swali. Nitampigia Waya aje kesho asubuhi kuichukua. Na hospitali ni ya Kimya."

Kengele alikuwa bado anaangalia ubao. Kicheko hakikuja. Aligeuka akaitazama mashine yake, taa zikibadilika kijani, zambarau, kijani, halafu akamgeukia mwenzake.

"Hata kwenye bustani?"

"Nimepima korido," Kimya alijibu.

"Aa." Kengele akaitikia kwa kichwa, akavua mkoba. Alitabasamu, na ilionekana ni kazi. "Sawa. Akipima Kimya, imepimika."

Maneno yaleyale. Kimya aliyasikia yakimwingia kama maji ya barafu kwenye jino bovu.

Ungedhani wivu ungeisha hapo, maana alichokuwa anakitaka amekipata. Haukuisha. Jioni ile aliondoka na kazi ya hospitali mkononi, akijaribu kumwona mtoto wake wa kitandani akipita chini ya ndege, na kila mara aliona ile tisini na saba. Aliionea wivu kadi ambayo kesho ingerudi dukani. Aliwaza: hata nikimshinda, ndege wangu hawatapita hivyo tena.

Kesho yake Kengele alifika kabla yake. Hakukuwa na kicheko kwenye ngazi, ndiyo maana Kimya alipofungua mlango alishtuka kumkuta. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya Bibi Harusi, amekwisha kukivua kifuniko, anakikunja polepole, maua kwa maua.

"Waya ana mikono ya grisi," Kengele alieleza. "Sitaki akichafue. Nakipeleka nyumbani kikafuliwe."

Kimya alisimama na mkoba wake. Kifuniko kiliingia katika mkoba wa Kengele, zipu ikafungwa. Hakuna tena mtu ambaye angejua. Waya angeikuta kadi imepoa, angesema labda ina kasoro, angeondoka nayo. Mambo yamekwisha.

"Wenzangu nyumbani wananicheka," Kengele aliendelea, akijipangusa magoti. "Wanasema kompyuta haivishwi. Lakini siku ya kwanza hapa nilikuwa naogopa kweli. Ukaja na hiki, ukakiweka mezani, ukaenda zako, hata neno hukusema. Nikajiambia, basi, nina mtu." Akainua mabega. "Ndiyo maana sikivui. Nikikiona nafanya kazi."

Ngazi zikalia. Waya akaingia na begi lake la vifaa, akawasalimu, akachuchumaa mbele ya Bibi Harusi na bisibisi mkononi.

"Usiifungue," Kimya alisema.

Sauti ilitoka kubwa. Waya aligeuka kumtafuta aliyesema.

"Iwashe, Kengele. Fungua korido."

"Si umekwisha kupima?"

"Iwashe tu."

Kengele akawasha. Korido ikafunguka, kamera ikaanza safari, na pembeni ikatokea tisini na saba. Kengele akasogea mbele ya kiti. Wakaipitisha mara ya pili, mara ya tatu, mara nyingi. Tisini na sita. Tisini na tano. Ikakaa hapo. Joto lilifika nyuzi sabini na kidogo, likachoka kupanda. Mama Ramani alikuwa amekwisha kuingia na chupa yake ya chai, amesimama mlangoni, anatazama.

"Imefanyaje?" Kengele aliuliza. "Mbona jana..."

"Jana ilikuwa imevaa kifuniko," Kimya alisema. "Hewa ya moto ilikosa pa kutokea. Ikapunguza kasi."

"Ulijua baadaye?"

Hapo palikuwa na mlango mdogo wa kutokea, na Kengele mwenyewe alikuwa ameufungua, kwa huruma au kwa kutoamini. Kimya aliutazama mlango huo.

"Nilijua palepale. Nilikishika kwa mkono, nikakiachia."

Waya akaanza kupanga bisibisi zake, ambazo zilikuwa zimepangika.

"Na bustani?" Kengele aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka chini sana. "Hukuipima kwa nini?"

"Niliipima. Kadi yangu iligandia getini. Haiwezi majani yako."

"Kumbe," Kengele alisema. Akatazama mkoba wake, mahali kifuniko kilipokuwa. "Kumbe mimi nilikuwa naichekelea kadi hii kila asubuhi, na wewe umekaa hapo unaumia."

Kimya aliipitisha kamera bustanini pia, kwenye mashine zote mbili. Alikwenda kwenye ubao, akazifuta tarakimu kwa kiganja, akaandika mpya, za korido na za bustani, za kadi zote mbili. Kiganja kikabaki cheusi.

Mama Ramani alikunywa chai yake kwanza. "Mimi nilikupa kazi hii kwa sababu ya utulivu wako," alisema mwishowe. "Nilisahau kwamba na wewe una roho kama watu wengine. Hilo ni kosa langu, lingine ni lako." Akamgeukia fundi. "Waya, chukua ndogo. Kubwa inabaki. Kengele, hospitali ni yako. Na hiyo mashine isivae kitu wakati wa kazi, kwani ina baridi?"

Hakuna aliyecheka. Waya aliing'oa kadi ya feni mbili kutoka kwenye mashine ya Kimya, akamrudishia ile ya zamani, na picha zikaanza tena kuchechemea.

Kengele hakumnunia kwa kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alimsalimu asubuhi, akamuaga jioni, na katikati akafanya kazi huku feni tatu zikivuma. Ofisi ikawa na kimya cha watu wawili, na Kimya ambaye jina lilikuwa lake aliona kuwa hakukijua kimya kilivyo. Wivu nao ulikuwepo, hakuna haja ya kudanganya. Kila alipoinua macho bustani ilipepea, na kila ilipopepea alichomwa mahali palepale. Tofauti ilikuwa kwamba sasa alichomwa bila kuhitaji kusoma malalamiko ya watu mtandaoni.

Halafu adhuhuri moja, bila kugeuza kichwa, Kengele akasema, "Korido nimeiacha wazi."

"Wazi vipi?"

"Filamu inatoka bustanini, inafika mlango wa mapokezi, inakatika. Inaanza tena wodini. Hapo katikati mimi sipajui. Sijawahi kulala kwenye kitanda cha magurudumu." Alibofya kitu, akabofya kingine. "Njoo ukae hapa uiweke kamera yako ilale. Ukimaliza urudi kwenye dawati lako."

Kimya alivuta kiti. Kengele alimpisha bila kumtazama, akasimama nyuma yake mikono kifuani, mahali ambapo watu wote walikuwa wakisimama. Kamera ikalala chali. Ndege wakapita, mmoja mmoja, laini, bila kutikisika, mpaka wa mwisho akatokomea juu ya mlango wa wodi.

"Punguza mwendo," Kengele alisema. "Mtoto hana haraka."

Kimya akapunguza.

"Hapo sawa." Kisha akaongeza, "Mwambie mama yako nataka kifuniko kingine. Chenye matundu nyuma. Kile nikikiona sasa nakumbuka mambo."

Jioni mama alisikiliza maelezo, futi yake ya kupimia ikiwa shingoni. "Matundu mgongoni, na juu kiwe wazi," alirudia. "Hiyo kompyuta inakwenda wapi imevaa hivyo?"

"Ndivyo anavyotaka, mama."

Mama akavuta mabaki ya vitambaa kutoka chini ya meza. Kulikuwa na kipande cha kijivu, ndugu wa kifuniko cha Kimya, na kulikuwa na cha maua, kizuri kuliko hata kile cha kwanza, maua madogo mekundu yenye majani. Kimya alivishika vyote viwili. Akakirudisha cha kijivu chini ya meza.

"Cha maua," alisema.

"Na lesi? Ninayo nyingi."

Kimya alizifikiria feni tatu, gigabaiti kumi na sita, majani yanayopepea, na kile kidole kimoja kilichokosa pa kwenda. Lesi peke yake isingezuia hewa, alilijua hilo.

"Lesi hapana," alisema.

Mama alimtazama juu ya miwani, akachukua mkasi, akakata.